Kiti Kizuri Kinachokalika: Mwongozo Kamili wa Kubuni na Kutengeneza Kiti cha Mbao cha Kisasa

Kiti cha kwanza nilichobuni mwenyewe kilisifiwa na kila aliyekiona. Wageni walikizunguka, wakapapasa mgongo wake, wakakipiga picha. Halafu wakaenda kukaa kwenye sofa kuukuu lililokuwa pembeni. Nilidhani ni heshima, kwamba wanaogopa kukichafua. Siku moja nikakaa juu yake mwenyewe kuandika barua ndefu, na kabla sijafika ukurasa wa pili mapaja yalikuwa yamekufa ganzi. Ukingo wa mbele ulikuwa mkali, mgongo umesimama wima kama ukuta, na ile nakshi niliyoihangaikia wiki nzima ilikuwa inanichoma mbavuni. Nilikuwa nimechora picha ya kiti, kisha nikaitafutia mbao.

Watu hupenda kusema kwamba samani za kisasa ni mahali sanaa inapokutana na matumizi. Maneno matamu, ila mara nyingi wawili hao hawakutani kabisa; mmoja kambeba mwenzake mgongoni. Unakuta meza ya kawaida iliyobandikwa marembo, au sanamu iliyolazimishwa kuitwa stuli. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kutafuta sehemu ya samani ambayo lazima iwepo, ile inayobeba mzigo, na kuifanya hiyo hiyo iwe urembo.

Tutatengeneza kiti kimoja cha mezani, kisicho na mikono. Nimechagua kiti makusudi, kwa kuwa ndicho samani ngumu kuliko zote. Kabati halilalamiki. Kiti kinakutana na uti wa mgongo wa mtu kila siku, kinaburutwa, kinaegemewa kwa miguu miwili ya nyuma, na bado kinatakiwa kipendeze kikiwa kitupu. Vifaa ni vya kawaida: msumeno wenye meno madogo, randa, patasi mbili au tatu kali, drili, klampu nne, skwea, kipimapembe, msasa na gundi ya mbao. Kama mkono wako hauna useremala, hatua tano za mwanzo bado ni zako. Zilizobaki mkabidhi fundi pamoja na mchoro, ukae karibu naye.

Hatua ya 1: Andika kazi ya kiti kwa sentensi moja

Yangu ilikuwa hivi: "Kiti cha mezani, cha mtu mzima wa kimo cha wastani, cha kukaliwa saa moja hadi mbili, chepesi kiasi cha kuinuliwa kwa mkono mmoja." Kila neno hapo lina amri yake. "Saa moja hadi mbili" linakulazimisha kuuhangaikia mgongo, na "chepesi" linakunyima miguu minene.

Neno hilo la wepesi lilimshughulisha Gio Ponti, mbunifu wa Italia, kwa miaka kadhaa. Mwaka 1957 kampuni ya Cassina ikatoa kiti chake kiitwacho Superleggera, chenye uzito wa kilo 1.7 tu. Miguu yake imechongwa pembetatu, kwa sababu pembe ya nne ilikuwa mbao isiyo na kazi. Anayekitazama anaona mistari myembamba ya kupendeza, na mistari hiyo ilizaliwa na hesabu ya uzito.

Bandika sentensi yako ukutani. Ukifika katikati ya kazi na kuanza kutamani kuongeza kitu, isome tena.

Hatua ya 2: Pima mwili, ukae juu ya vitabu

Hapa ndipo nilipopakimbia mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa sana.

Kipimo kikuu ni urefu wa kikalio kutoka sakafuni. Kwa kiti cha mezani ni sentimita 43 hadi 45. Kikipanda zaidi, nyayo za mtu mfupi zinaning'inia, uzito unahamia chini ya mapaja, na ganzi inaanzia hapo. Kikishuka mno, magoti yanapanda na kiuno kinajikunja. Ukiwa na shaka, punguza: mtu mrefu atanyoosha miguu mbele, lakini mfupi hana la kufanya. Angalia pia meza yenyewe. Meza nyingi zina urefu wa sentimita 72 hadi 75, na kati ya kikalio na uso wa meza panatakiwa pabaki sentimita 27 hadi 30.

Kina cha kikalio, yaani toka ukingo wa mbele hadi kwenye mgongo wa kiti, kiwe sentimita 40 hadi 43. Ukikaa hadi nyuma kabisa, vidole vitatu au vinne vipite kati ya ukingo na upande wa nyuma wa goti. Upana wa mbele uwe sentimita 45 au 46. Nyuma 40 zinatosha, kwa kuwa mapaja hutanuka kwa mbele. Kikalio kiinamie nyuma digrii 3 hadi 5. Kwa kina cha sentimita 42, hiyo ni sawa na kushusha ukingo wa nyuma kama sentimita 2 hadi 3.5. Mgongo nao ulale kidogo, ukifanya pembe ya digrii 95 hadi 105 na kikalio. Kiti cha kupumzikia kina hesabu nyingine kabisa: kinashuka hadi sentimita 35 au 40 na mgongo unalala zaidi. Usichanganye vipimo vya viti hivi viwili ukitegemea kupata kinachofaa kwa yote.

Namba hizi ni za kuanzia tu. Sasa tafuta ubao wenye upana wa kukalia, uuweke juu ya marundo mawili ya vitabu, la mbele sentimita 44, la nyuma 41. Ubao wa pili uegemeze ukutani nyuma yako. Kaa dakika 20 ukifanya kazi halisi, kula au kusoma au kushona. Dakika mbili za mwanzo mwili una adabu. Ukweli hutoka baada ya robo saa. Ukisikia unateleza kwenda mbele, ongeza mwinamo kwa kuondoa kitabu chembamba nyuma. Ukisikia mapaja yanabanwa, punguza mbele.

Kisha viringisha taulo, uliweke kati ya kiuno na ule ubao wa nyuma. Lisogeze juu na chini taratibu. Kuna mahali fulani, kwa wengi ni karibu sentimita 20 juu ya kikalio, ambapo mgongo wote unashusha pumzi. Mahali hapo ndipo pa kuweka ubao wa kuegemea. Chini yake acha wazi. Makalio hutokeza nyuma kuliko kiuno, na kiti kilichozibwa hadi chini humsukuma mtu mbele hata kama vipimo vyake vingine ni sahihi. Niliwahi kuona viti vya bei kubwa vyenye kosa hilo hilo, vimepangwa kama askari, na kila aliyekaa juu yake amekaa nusu.

Mwite mtu mwingine wa kimo tofauti arudie jaribio. Andika namba za wote wawili.

Hatua ya 3: Tafuta wazo moja, na liwe moja

Sanaa inaingia sasa, na mlango wake ni swali hili: kwenye kiti hiki, ni sehemu gani inafanya kazi kubwa kuliko zote, na je, inaonekana?

Tazama kiti cha Hans Wegner wa Denmark kilichobuniwa mwaka 1949 na kuanza kutengenezwa 1950, kile chenye mgongo wa herufi Y. Ule ubao wa Y ndio unaokumbukwa na watu. Uondoe, na utaona kwamba ndio unaoukamata upinde wa juu katikati na kuushikiza nyuma ya kikalio. Kiti kingebaki na upinde unaochezacheza. Kikalio chake husukwa kwa kamba ya karatasi yenye urefu wa mita 120 hivi, na msuko huo ndio unaofanya mwili usikae juu ya ubao mgumu.

Gerrit Rietveld wa Uholanzi alikwenda upande mwingine. Kiti alichokibuni karibu mwaka 1918, na ambacho mwaka 1923 kilipata rangi nyekundu, buluu, njano na nyeusi, kimejengwa kwa pau za kawaida zinazopitana bila kufichana. Mahali seremala mwingine angekata pau ziishie pale zinapokutana, yeye aliziacha zichomoze kidogo, kisha ncha zake akazipaka njano. Jicho linaona kila pau inaanzia wapi na kuishia wapi. Isamu Noguchi, mchongaji wa Marekani, naye miaka ya 1940 alibuni meza ya vipande vitatu tu: kioo juu, na chini yake vipande viwili vya mbao vyenye umbo moja, kimoja kimegeuzwa ili kiegemeane na mwenzake. Ukiuliza pambo liko wapi na mguu uko wapi, jibu ni kipande kile kile.

Kuna samani ambazo kazi yake ni kusema, si kukaliwa. Kiti cha enzi alichokiunda msanii wa Msumbiji, Cristóvão Canhavato, mwaka 2001 kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kimo ndani ya British Museum jijini London. Hakuna anayekilaumu kwa kuumiza kiuno. Lakini kiti hicho kinajua kazi yake ni ipi. Tatizo ni kiti cha chakula kinachojifanya sanamu.

Wazo langu lilikuwa kabari. Kwenye kiti, kiungo kinachoteseka kuliko vyote ni kile cha pau ya ubavuni, ile inayounganisha mguu wa mbele na wa nyuma, na mguu wa nyuma wenyewe, maana mtu akijiegemeza uzito wote unakwenda kukifungua. Nikaamua ulimi wa pau, yaani ncha yake iliyokondeshwa iingie kwenye tundu, upenye mguu mzima, utokee nyuma, na ukazwe kwa kabari nyembamba ya mbao nyeusi. Mtu anayekipita kiti kwa nyuma anaona mistari miwili myeusi kwenye mbao ya rangi ya asali, na mistari hiyo ndiyo inayozuia kiti kisilegee. Sikuongeza pambo jingine lolote.

Wewe unaweza kuchagua mgongo, msuko, mkunjo wa mguu, au namna kikalio kinavyokaa juu ya fremu. Chagua kimoja. Mawili yakigombana kwenye kiti kimoja, macho yanachoka kabla ya mwili.

Hatua ya 4: Chora, kisha uachane na picha

Chora michoro midogo 20 au 30, kila mmoja dakika mbili, usifute. Michache ya kwanza itafanana na viti ulivyoviona mahali. Ni kawaida, inatoka tu kama maji machafu ya bomba lililofunguliwa baada ya muda. Kwenye mchoro wa 15 hivi mkono huanza kusema chake.

Chagua miwili na ujenge mifano midogo kwa kadibodi na vijiti, kwa kipimo cha 1 kwa 5. Kiti cha urefu wa sentimita 80 kitakuwa na 16. Kiweke mezani, uinamishe kichwa macho yako yawe sawa nacho, ukizungushe. Michoro hudanganya kuhusu nafasi tupu: umbo la hewa kati ya miguu, chini ya kikalio, na kwenye lile pengo la nyuma. Hewa hiyo ni nusu ya kiti. Kama pengo limebana kama jicho lililofumbwa, lipanue. Kama miguu ya nyuma inaonekana kukimbia kiti, irudishe.

Ukiridhika, chora kiti kwa ukubwa wake halisi, kwa ubavu na kwa mbele, kwenye karatasi pana au kipande cha plaiwudi. Huu ndio mchoro wa kazi. Vipimo vyote utavichukua hapo kwa kulaza mbao moja kwa moja juu ya mstari, bila hesabu za kichwani. Kwa kikalio chenye sentimita 46 mbele na 40 nyuma, kina 42, pau za ubavuni zitaingia kwenye miguu zikiwa zimeinama karibu digrii 4. Digrii hizo 4 zikisahaulika, hakuna kiungo kitakachofunga.

Jambo moja la usalama kwenye mchoro: nyayo za miguu ya nyuma zitoke nyuma ya kikalio kwa sentimita 5 au zaidi. Mtu akijiegemeza, uzito wake unasogea nyuma, na mguu ulioshuka wima utamwangusha chali.

Hatua ya 5: Kiti cha majaribio

Kijenge kwa mbao za bei nafuu na skrubu, bila viungo vya maana. Enzo Mari wa Italia aligawa mwaka 1974 michoro ya samani za mbao za kawaida na misumari, ili mtu yeyote ajitengenezee na ajifunze kwa mikono; roho ni hiyo hiyo. Kikae nyumbani wiki nzima. Andika kwa penseli juu yake kila unachokisikia: "hapa panabana", "shusha hapa". Changu kilikuwa na maandishi pande zote, na mgongo ulihama mara tatu.

Hatua ya 6: Chagua mbao kwa kuzisoma

Kwa kiti unataka mbao ngumu, yenye nyuzi zilizonyooka, iliyokauka vizuri. Mbao ya ndani ya nyumba huwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 12 hivi, kutegemea hewa ya mahali. Kama huna kipima unyevu, ziingize mbao kwenye chumba ambacho kiti kitakaa, zitenganishe kwa vijiti hewa ipite, uziache wiki mbili au tatu.

Mbao haifi ikikatwa. Hewa ikiwa na unyevu inatanuka, ikikauka inasinyaa, na yote hayo hutokea kwa upana. Kwa urefu haibadiliki kiasi cha kukusumbua. Kikalio cha ubao mpana kinaweza kutanuka milimita kadhaa kwa mwaka. Ukikifunga kwa gundi pande zote kitapasuka, au kitaisukuma fremu hadi iachane. Kifunge kwa skrubu kutoka chini, na matundu ya skrubu yatoboe marefu kidogo kwa uelekeo wa upana ili ubao uwe na pa kutembea.

Kwa miguu, fuata mstari wa nyuzi kwa kidole kutoka juu hadi chini. Zikitoka nje ubavuni kabla ya kufika mwisho, mguu huo utavunjika hapo zinapotokea. Ndiyo maana mguu uliopinda ni mtihani. Ukiukata kwenye ubao mnyoofu, mahali pa mkunjo nyuzi zinakatika. Kwa mkunjo mdogo, kama huu wetu wa mguu wa nyuma, chagua ubao ambao nyuzi zake zenyewe zimepinda kidogo na uchore mguu ukizifuata. Kwa mkunjo mkubwa kuna njia mbili zilizothibitishwa. Ya kwanza ni mvuke, na wahenga walishasema samaki mkunje angali mbichi: fundi samani Michael Thonet alikunja fito za mbao kwa mvuke na mwaka 1859 akatoa kiti namba 14, vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili; viti 36 vya namna hiyo vilipakiwa vikiwa vimefunguliwa kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Ya pili ni ya Alvar Aalto wa Finland. Kwenye stuli yake ya mwaka 1933 alichana ncha ya mguu kwa msumeno mara kadhaa, akaingiza vipande vyembamba vya mbao vyenye gundi kwenye michano hiyo, kisha akaukunja. Nyuzi zinageuka kona bila kukatika.

Hatua ya 7: Viungo, na kabari yenyewe

Miguu yangu ni sentimita 3.5 kwa 3.5, pau ni 2.5 kwa 6. Ulimi wa pau uwe theluthi ya unene wake, hapa milimita 8. Ukiunenepesha, kuta za tundu kwenye mguu zinakuwa dhaifu. Ukiukondesha, ulimi ndio utakaokatika.

Weka alama kwa kisu badala ya penseli. Mstari wa penseli una upana, na patasi haijui ikae upande gani. Mkato wa kisu unaishika ncha ya patasi kama reli. Toboa kwanza kwa drili ili kuondoa nyama nyingi ya tundu, kisha nyoosha kuta kwa patasi. Kwa tundu linalopenya, fanya kazi kutoka pande zote mbili mkutane katikati, la sivyo patasi itamegua uso wa mbao inapotokea, na hapo ndipo macho ya kila mtu yatakapotua. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kofi mbili za nyundo ya mbao. Ukiingia wenyewe, umelegea. Ukihitaji kipigo, utapasua mguu.

Kumbuka pau mbili zinakutana kwenye mguu mmoja wa nyuma, ya ubavuni na ya nyuma. Zisigombanie nafasi: ulimi unaopenya ubaki mzima, ule mwingine uwe mfupi na uishie unapougusa.

Sasa kabari. Chana ncha ya ulimi kwa msumeno, mchano mmoja katikati, uingie robo tatu ya urefu wa ulimi. Mwishoni mwa mchano toboa kitundu cha milimita 3, kinachozuia ufa usiendelee. Tanua kidogo mdomo wa tundu kwa upande wa nyuma ya mguu, milimita moja juu na moja chini, ulimi upate nafasi ya kufunguka. Na kabari lazima ikae ikikatiza nyuzi za mguu. Ikilala sambamba nazo itaupasua mguu jinsi shoka linavyopasua kuni. Nilijifunza hili kwa kupoteza mguu mmoja uliokwisha kupigwa msasa, jioni, nikiwa na haraka.

Ikate kabari kwa mbao ngumu kuliko ulimi, unene wa milimita 3 hadi 4 upande mpana, upande wa pili karibu na sifuri. Paka gundi kidogo. Ipige kwa nyundo ndogo huku ukisikiliza. Mwanzoni sauti ni nzito, kama kugonga mlango wa mbao laini. Kila pigo linaingiza milimita kadhaa. Ghafla sauti inabadilika, inakuwa kavu na ya juu, na nyundo inarudi mkononi. Acha hapo hapo. Pigo moja la ziada halikazi chochote, linatafuta pa kupasua tu. Gundi ikikauka, kata kilichochomoza kwa msumeno na ukisawazishe kwa patasi. Mstari mweusi unaobaki una makali ambayo rangi ya brashi haiwezi kuiga.

Hatua ya 8: Gundi, mraba na miguu

Usigundishe kabla hujakiunganisha kiti chote kikavu, na klampu zikakaa mahali pake. Gundi ya kawaida ya mbao inaanza kushika ndani ya dakika 10 hadi 15, na huo si wakati wa kutafuta klampu iliyoko chini ya meza. Gundisha ubavu mmoja, halafu wa pili, uviache hadi kesho yake, ndipo uviunganishe kwa pau za mbele na nyuma. Paka gundi kwenye mashavu ya ulimi, yaani pande zake pana, na kuta za tundu. Kwenye ncha za nyuzi, mbao inainywa tu bila kushika. Inayovuja iache igande kama jibini, kisha uikwangue kwa patasi. Ukiifuta mbichi kwa kitambaa unaisugulia ndani, na mafuta yatakapopakwa itatokea kama baka la ukungu.

Kwa kuwa kikalio si mraba kamili, skwea haitakusaidia hapa. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Mishazari miwili ikilingana, fremu imekaa sawa. Kama mmoja ni mrefu, bana kidogo kwa klampu kwa njia ya ule mrefu.

Kiti kitayumba, karibu kila mara. Kiweke juu ya meza unayoiamini kwamba ni tambarare, ingiza vijikaratasi chini ya mguu mfupi hadi kitulie, kisha laza penseli juu ya kipande cha ubao mwembamba na uizungushe ikichora mstari kuzunguka kila mguu. Kata kwenye mstari. Usiende kwa macho ukikata kidogo hapa na kidogo pale. Kuna viti vya watu wazima vilivyoishia kuwa vigoda kwa njia hiyo. Mwisho, chonga kingo za chini za miguu zisiwe kali, vinginevyo siku kikiburutwa zitameguka.

Hatua ya 9: Msasa, kingo na mafuta

Ukingo wa mbele wa kikalio ndio unaohitaji uangalifu wako wote. Uzungushe kwa randa na tupa hadi uwe na mviringo wa sentimita moja au zaidi, kisha kaa juu yake ukiwa na suruali nyepesi. Usisikie mstari. Kingo nyingine ziondolee ukali tu. Kiti chote kikiwa mviringo kinapoteza sura, kama sabuni iliyotumika.

Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, daima ukifuata nyuzi, ukivaa barakoa. Usiruke namba: mikwaruzo ya 120 haitoki kwa 220, inang'aa tu. Kabla ya msasa wa mwisho, pitisha kitambaa chenye unyevu juu ya mbao. Nyuzi ndogo zitasimama kama manyoya. Zikikauka, zikate kwa msasa uliochakaa.

Vanishi inalinda zaidi dhidi ya maji, ila inapochubuka huwezi kuitia kiraka bila kuonekana. Mimi napenda mafuta ya kitani yaliyochanganywa na nta kidogo, yakipakwa kwa tabaka nyembamba tatu, siku moja au mbili kati ya moja na nyingine. Mbao inabaki mbao mkononi, na doa linaweza kusuguliwa na kupakwa upya hapo hapo. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo usivirundike: mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka moto lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye maji.

Baada ya mwezi wa kukaliwa, kigeuze kiti miguu juu. Tikisa kila kiungo kwa mkono, kagua kabari, tazama kama skrubu za kikalio zimesogea ndani ya matundu yake marefu. Angalia pia mahali mafuta yalipofifia, maana hapo ndipo mikono ya watu inapokishika wanapokivuta, na mara nyingi sipo pale ulipodhani. Kisha chukua penseli na uandike chini ya kikalio vipimo vyake vyote na mambo mawili au matatu utakayoyabadilisha. Changu kimeandikwa: mgongo ushuke sentimita 1, kikalio kipungue kina kidogo, kabari ibaki.